Saa ya Gari, Saa ya Baraza

Niliajiriwa karani wa mizigo nikiwa na miaka ishirini na mbili na kiburi cha watu wawili. Nilikuwa nimemaliza skuli, najua hesabu, najua Kiingereza cha kuandikia barua, na mkononi nina saa ya marehemu baba, ambayo nilikuwa nikiitazama hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza wakati. Tajiri wangu alikuwa na ghala Malindi, hatua chache kutoka bandarini. Kazi yangu ilikuwa moja: mzigo ukishateremka melini, utoke ghalani ufike dukani kwa mwenyewe. Alinipa miezi mitatu ya kunijaribu. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu watatu wa kike, na tangu baba kufariki chungu chetu kilikuwa kikinitegemea mimi. Nikifukuzwa, hakukuwa na mwengine wa kukiinjika.

Asiyeijua Unguja ya miaka ile ya hamsini atadhani kazi hiyo nyepesi. Kutoka Malindi mpaka Darajani ni mwendo wa mtu kumaliza kipande cha muwa. Lakini waliojenga Mji Mkongwe hawakuwa na habari ya magari. Ziko njia humo ukinyoosha mikono unagusa kuta za nyumba mbili, na pengine wenye nyumba hizo hawasemezani. Humo ndimo ilimopita sukari, mchele, unga, mafuta ya taa na majora ya nguo, na sasa, kwa kuwa Ng'ambo ilikuwa ikikua kila uchao, saruji na mabati pia. Watu walikuwa wakijenga hata kuelekea Mpendae, pahala ambapo mimi nilipajua kwa mihogo tu. Kila nyumba iliyoinuka kule ilizidisha gari huku vichochoroni. Juu ya hayo, malori ya shamba kutoka Mangapwani, Chukwani na kwengineko yalikuwa yakishusha makuti, mkaa na ndizi, yakaziba midomo ya njia. Baiskeli ndizo usiseme.

Mizigo ilichukuliwa na mahamali. Gari lao lilikuwa la mbao, refu, la magurudumu mawili makubwa yenye mkanda wa chuma, wawili wanavuta mbele na wanne wanasukuma nyuma, na mmoja anapiga ukelele wa "Habedari! Habedari!" ili watu wajibanze ukutani. Mkuu wao alikuwa mtu wa asili ya bara, mrefu, mkavu, aliyekuja Unguja kabla mimi sijazaliwa, na akikisema Kiunguja vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa hapa. Hakujua kusoma. Alitembea na fimbo ya mkandaa ambayo urefu wake ulikuwa sawasawa na upana wa gari, kutoka kitovu cha gurudumu hili mpaka kitovu cha lile. Pakiwa na ubishi kama gari litapita au halipiti, aliilaza fimbo kati ya kuta mbili, na ubishi ukaisha.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akaitazama saa yangu.

"Nzuri," alisema. "Inakwambia na baraza?"

Sikumwelewa, na kwa sababu sikumwelewa nilikasirika. Ndiyo tabia yangu mpaka leo.

Alikuwa akimaanisha kitu cha kweli kabisa. Nje ya nyumba nyingi za mjini pana baraza za mawe, watu wakikaa kuzungumza, na baraza inakula njia. Asubuhi, baraza ikiwa tupu, kitovu cha gurudumu kinapita juu yake bila ya kugusa kitu. Alasiri pamekaa watu, na watu wana magoti. Mkuu wa mahamali alijua kila baraza hukaliwa saa ngapi na nani. Alijua kona ya wapika halua haipitiki asubuhi kwa kuni zao, na njia ya skuli haipitiki saa sita na nusu. Alijua nyumba gani ina mzazi aliyejifungua juzi, akawaambia vijana wake wapite pale bila ya ukelele. Nilimwuliza haya yote kayaandika wapi. 

"Bwana karani, njia za mji huu hazihesabiwi kwa urefu. Zinahesabiwa kwa saa. Ipo saa ya gari, ipo saa ya baraza."

Njia iliyonikera kuliko zote ilikuwa ile ya katikati, iliyokata moja kwa moja kutoka kwetu mpaka karibu na Darajani. Ilikuwa nusu ya mwendo. Lakini kuanzia saa nane mchana mpaka Magharibi mkuu hakuipitisha gari hata ungemwahidi pepo, na sababu ilikuwa mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa chuo, kasomesha Kurani nusu ya mtaa, na sasa kastaafu kwenye baraza yake na mguu wake mbovu. Goti halikukunjika. Alipokaa, mguu ulinyooka mbele, na mguu ule na gari letu havikuweza kuwa pamoja pale. Kumwomba auondoe ilikuwa ni kumwinua mzima mzima, kwa mkongojo na kwa kushikwa mikono.

"Mie simwinui mzee wa watu kwa ajili ya sukari," alisema mkuu. Kwa hivyo mchana kutwa gari zetu zilizunguka njia ya mbali, upande wa pwani ya Funguni, huku mimi naitazama saa ya baba na kusaga meno.

Basi ukakaribia mwezi wa Ramadhani, na meli ya sukari ilichelewa. Ilipofika, maduka ya Darajani yalikuwa yameshaanza kutuma watu wa kupiga kelele mlangoni kwetu. Ramadhani bila ya sukari haiendi. Watu watafuturu na nini? Tajiri aliniita, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukitisha: sukari yote iwe Darajani kabla ya kuandama mwezi, na ikiwa haikufika, nitafute kazi pengine, kwa sababu yeye hatapata sura ya kuwatazama wateja wake. Zilibaki siku mbili.

Nilikaa na karatasi kubwa na rula. Nikapanga magari yote mawili kwa dakika, kila gari na njia yake, saa yake ya kutoka na ya kurudi. Njia ya katikati niliitia mara tatu. Gari la kwanza lingetoka na sukari saa nane na nusu. La pili, ambalo asubuhi lingepeleka saruji Ng'ambo, lingerudi na mapipa matupu kwa njia hiyohiyo saa tisa na robo. Kwenye karatasi hayakukutana. Nilipiga nakala mbili, moja nikaiweka mezani kwa tajiri, na nyengine nikamsomea mkuu wa mahamali kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Saa nane na nusu, njia ya mwalimu?"

"Saa nane na nusu," nikasema.

Nilikuwa nimeshajitayarisha kugombana, nina maneno yangu yote mdomoni, lakini hakunipa nafasi.

"Mwalimu yu mgonjwa," alisema. "Wiki ya pili hatoki. Nnapita kumtazama kila asubuhi. Baraza i tupu." Akaitia fimbo kwapani. "Haya. Kwa siku hizi mbili."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mzee wa watu anaumwa, kwa sababu ugonjwa wake umenipatia njia.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda kama maji. Siku ya pili, kabla ya Adhuhuri, wakati mkuu na watu wa gari lake wako bandarini tangu alfajiri, alipita mtu mlangoni mwa ghala akatoa habari kwamba kuna msiba njia ya katikati, maiti atasaliwa baada ya Laasiri. Nilikuwa nahesabu magunia. Nilisema "Innalillahi" kama inavyosemwa, nikaendelea kuhesabu. Sikuuliza nani. Mkuu aliporudi kutoka bandarini sikumwambia, si kwa kumficha, ila lilinitoka kabisa. Nimelirudia jambo hilo kichwani maisha yangu yote, na sijapata udhuru unaosimama.

Gari la sukari lilitoka saa nane na nusu kama karatasi ilivyotaka, magunia ishirini, na mimi nyuma yake kwa miguu ili niyaone matunda ya akili yangu. Mdomoni mwa njia tulikuta lori la Mangapwani linashusha makuti. Dereva hakuonekana, kaenda kunywa chai. Tukangoja, makuti yakashuka moja moja, na saa ikaenda. Tulipoingia njiani ilikuwa imeshapita saa tisa. Tulikuwa katikati, pale njia inapobana zaidi, tukasikia mbele yetu "Habedari!" Sauti ya mtu wetu wenyewe. Lilikuwa gari la pili, na mapipa yake, limefika kwa saa yake barabara.

Fimbo haikuhitajika. Magari mawili pale hayapishani hata kwa dua. Nyuma yetu kulikuwa kumeshajaa baiskeli na gari la punda. Mkuu akanyoosha mkono kuwaambia wale wa mapipa warudi nyuma, na mkono ukabaki hapohapo hewani, maana nyuma ya mapipa tulisikia watu wengi wanasema kwa pamoja, "La ilaha illa Allah." Jeneza lilikuwa ndiyo kwanza limetoka nyumba ya tatu mbele yetu, mapipa yameshapita hapo wakati watu bado wako ndani. Nyumba ile yenye baraza ya mwalimu.

Nilimwona mkuu akiitambua nyumba. 

Msikiti ulikuwa nyuma yetu. Jeneza lilikuja mpaka kwenye mapipa, likasimama. Na sauti za watu zikasimama. Kwetu maiti haraka yake ni kaburini, na anayemchelewesha anamdhulumu asiyeweza kulalamika. Hakuna aliyetukana. Wangetukana ningepata nafuu. Walisimama tu, na jeneza mabegani mwao, wakatutazama sisi na sukari yetu.

"Vunjeni gari," alisema mkuu. Hakupaza sauti.

Mahamali kumi na wawili wakaingia kazini, na mpaka leo sijaona watu wakifanya kazi namna ile. Mapipa yalipitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa. Pini zikang'olewa, magurudumu yakatoka, na ubao wa gari la pili ukasimamishwa ubavu ukutani, wanaume wawili wameuegemea kwa migongo usianguke. Likabaki letu. Magunia ishirini ya sukari, na pahala pa kuyaweka hapana. Mkuu akatazama baraza tupu ya mwalimu. Akatazama milango. Hapo ukafunguliwa mlango mmoja kiasi cha shibiri, na sauti ya mama mtu mzima ikatoka ndani.

"Yatieni humu ukumbini. Msione haya, ingizeni."

Mlango wa pili ukafunguka, kisha wa tatu. Hamali alichukua gunia peke yake, akapiga bismillahi, akapotea nyumbani kwa watu asiowajua, akatoka mbio kufuata jengine. Mimi pia nilichukua, na mwenzangu, maana peke yangu nisingeweza, nikaona jinsi hawa watu niliowapangia dakika walivyokuwa wakiishi kila siku. Gunia langu likakwama kwenye pembe ya baraza ya mwalimu, likachanika, na sukari ikamwagika yote juu ya jiwe alilokuwa akikalia. Hakuna aliyesimama kuizoa. Gari letu nalo likavunjwa, likaegemezwa. Mkuu akavua kofia.

"Pitisheni," alisema.

Jeneza lilipita kati ya mbao mbili, na mahamali wakalipokea. Wote kumi na wawili, kwa zamu, wakiwa na chembe za sukari mabegani. Mkuu alishika mbele. Alikuwa akilia wazi, bila ya kujifuta.

"Miaka yote nampisha," aliniambia tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, "na leo nimemzuia."

Jioni ile tajiri alituita sote wawili. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwani habari Unguja haingoji gari. Karatasi yangu ilikuwa mezani, mbele yake. Akauliza nani aliyeingiza gari njia ile saa ile. Nilifungua mdomo. Nikamwona mama yangu na wadogo zangu, nikauchelewesha ulimi kidogo tu, na kidogo hicho kikatosha.

"Mie," alisema mkuu wa mahamali. "Njia nnaijua mie. Karani kaandika, lakini mie ndiye niliyesema baraza i tupu."

Tajiri aliisukuma karatasi yangu pembeni. Alisema kwamba kama angekuwa mtu mwengine, leo asingelala na kazi. Lakini kwa ajili ya miaka aliyomfanyia, awatake radhi yeye mwenyewe wenye msiba, mbele ya watu, siku ya hitima. Kisha akatupa ruhusa twende. Tulitoka, na mkuu akaniaga kama kawaida yake, kama kwamba hakunibebea kitu. Mtu aliyejenga jina lake kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amelitoa kumnusuru kijana wa miezi miwili kazini, mwenye saa.

Usiku wa siku ya tatu, baada ya tarawehe na hitima, alisimama barazani mbele ya wanaume wa mtaa wote, fimbo mkononi, akaanza kuomba radhi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilimsikiliza maneno yake ya mwanzo, na sikuweza zaidi. Nilisimama nikasema si yeye, ni mimi. Nikasema yote: karatasi, njia, na habari ya msiba niliyoletewa mlangoni nikaipuuza.  Nilijua maneno yale yatafika kwa tajiri kabla yangu.

Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa mshoni wa kanzu, mtu wa maneno machache. Alinitazama, akamtazama mkuu.

"Baba alikuwa hana saa," alisema. "Akijua saa nane kwa kuwa gari za huyu zimekatika. Akiniambia, yule hamali ananipa njia kila siku, na hapati hata shukurani yangu, maana nikimshukuru ataona haya." Akageuka kwangu. "Na hiyo sukari uliyommwagia barazani, daktari alimkataza miaka sita. Alikuwa akiililia. Kaeni, mnywe kahawa."

Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, na sisi tukakaa.

Kwa tajiri nilikwenda mwenyewe asubuhi yake. Alikuwa na habari, bila ya shaka. Sukari ilikuwa imefika Darajani yote ila lile gunia lililochanika, kwa sababu mahamali waliikusanya kutoka kumbi za watu baada ya maziko, magunia kumi na tisa hayakupungua hata moja, na mwezi ukaandama maduka yakiwa nayo. Tajiri aliikunja karatasi yangu mara nne akanirudishia.

"Andika nyengine," alisema. "Ila safari hii muulize mwenyewe kwanza."

Nikamwuliza. Ramadhani yote iliyobaki nilitembea nyuma ya mkuu na daftari, yeye anaonyesha kwa fimbo, mimi naandika nani hukaa wapi na saa ngapi. Kila jina lililokuwa na ugonjwa aliniambia niliwekee alama, na chini ya alama niandike: baraza tupu si njia. Ndiyo maneno pekee aliyonitaka nimsomee mara mbili. Daftari lile likafanya kazi yangu kwa miaka, na makarani wa maghala mengine walikuja kuliazima, nami nikijisikia kama nimelitunga mimi.

Mkuu alifariki kabla ya miaka ile ya hamsini kwisha, katika chumba cha chini kule Malindi alichokuwa akikaa na wenzake, asubuhi, kabla ya kazi. Hakuwa na mtoto wala jamaa Unguja. Mimi nilikuwa mkuu wa makarani siku hizo, na mji umezidi kusongamana maradufu. Nilifunga ghala. Nikaenda kwa miguu kwenye kila ghala la Malindi, nikawaomba makarani wenzangu wasitoe gari mchana ule, na hakuna aliyeniuliza mara mbili. Nikaenda Darajani, nikasimama mwenyewe mbele ya malori ya Mangapwani na ya Chukwani, nikawaomba madereva wangoje nje mpaka Laasiri ipite. Wakazima moto wa malori.

Tulimtoa mchana, tukampitisha njia ya katikati. Barazani kwa mwalimu walikuwa wamesimama watu, wakajibanza ukutani kabla hatujawafikia, na yule mshoni akaingia kushika jeneza. Fimbo ya mkuu nilikuwa nayo mimi. Tangu Malindi mpaka makaburini hatukukuta gari hata moja, na hatukusimama pahala popote.